Gari Linapoungua: Moto, Bima na Gereji

Moto wa gari ni ajali ambayo kwa kawaida haimwachii mwenye chombo muda wa kufikiri, na pengine ndiyo sababu maamuzi mengi yanayoizunguka hufanywa vibaya: mtu hupoteza dakika za mwanzo akijaribu kuokoa gari lililokwisha kushika moto, kisha moto ukizimika huanza kuwakimbiza mafundi na kampuni ya bima kana kwamba kila saa inayopita inamwongezea hasara. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo umegeuzwa. Haraka ina nafasi yake katika zile dakika chache za kuwatoa watu garini na kuwaweka mbali. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya hasara inayoweza kuepukika, iwe ya gari lenyewe, ya madai ya fidia au ya matengenezo, hutokana na jambo lililofanywa mapema mno.

Moto huhitaji kitu kinachowaka, hewa na joto, na gari hubeba vyote hivyo katika eneo dogo chini ya boneti. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo katika hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa tone linalovuja kutoka kwenye mpira wa mafuta uliochakaa linasubiri cheche tu. Mafuta ya injini, ya gia na ya breki hayatoi mvuke mwepesi namna hiyo, lakini nayo huwaka yakidondokea bomba la moshi lililopata moto sana. Sehemu ya bomba hilo ambayo mafundi huiita masega, yaani kichujio chenye vitundu vingi kinachosafisha moshi, hufanya kazi katika joto la mamia ya nyuzi, na ndiyo maana kuegesha gari juu ya nyasi kavu baada ya safari ndefu ni hatari ambayo madereva wengi hawaifikirii. Chanzo kingine kikubwa ni umeme. Fyuzi ni kipande kilichotengenezwa kikatike pale umeme unapozidi kiwango, na rangi yake hueleza kiwango hicho: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fundi anayechoka na fyuzi nyekundu inayokatika kila mara, akaweka ya kijani au akaizungushia kipande cha waya, huwa hajaondoa hitilafu, bali ameufanya waya wenyewe uwe ndio utakaoungua badala ya fyuzi. Redio kubwa, taa za ziada, vifaa vya kufuatilia gari na kengele za kuzuia wizi zilizounganishwa kwa kukata nyaya za gari na kuzifunga kwa utepe huingia katika fungu hilohilo.

Dalili hutangulia mara nyingi: harufu ya plastiki inayoungua, moshi unaopenya kandokando ya boneti au kwenye matundu ya hewa ya dashibodi, taa zinazofifia na kurudi, au harufu kali ya petroli katika gari lililotoka gereji siku hiyohiyo. Dereva anayeziona anapaswa kutoka barabarani na kuzima injini, kwa kuwa katika magari mengi ya kisasa pampu ya mafuta huendeshwa kwa umeme na injini ikiendelea kunguruma pampu hiyo huendelea kuulisha moto. Kisha aweke breki ya mkono, awatoe abiria wote, awaongoze umbali usiopungua mita 30 upande ambao upepo hauwapelekei moshi, na apige simu. Tanzania Bara namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Zanzibar kazi hiyo hufanywa na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na nchini Kenya huduma za zimamoto ziko chini ya serikali za kaunti, jambo linalomaanisha kwamba msafiri anayevuka kaunti kadhaa anahitaji kuwa na namba zaidi ya moja. Mizigo ibaki ndani. Moshi wa gari si moshi wa kuni, kwa maana povu la viti na plastiki za dashibodi zikiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni, gesi mbili zinazoweza kumlegeza mtu kabla hajatambua kwamba anadhurika.

Kosa linalorudiwa kuliko yote katika hatua hii ni kufungua boneti. Moto ulio chini ya boneti iliyofungwa huwa na hewa kidogo, na boneti ikiinuliwa kwa mkupuo hewa huingia kwa wingi na miali humrukia usoni aliyeiinua. Mwenye mtungi wa kuzimia moto, ikiwa moto bado ni mdogo na njia ya kurudi nyuma iko wazi, anaweza kuvuta kishikizo cha ndani kinacholegeza boneti bila kuinyanyua, kisha apulizie kupitia ule upenyo au kupitia matundu ya mbele, akielekeza poda kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake. Mtungi wa poda kavu wa kilo moja huisha kwa sekunde zisizozidi 15 au karibu na hapo, kwa hiyo ni kifaa cha kuzimia moto unaoanza. Ukiisha na moto ukawa bado unawaka, kazi ya dereva imekwisha. Inafaa pia kusemwa kwamba mitungi mingi magarini hukaa kwa ajili ya ukaguzi wa askari wa usalama barabarani zaidi ya kwa ajili ya moto: mshale wa kipimo umeshuka kwenye nyekundu, pini ina kutu, na mtungi wenyewe umezikwa kwenye buti chini ya tairi la akiba na magunia. Mahali pake ni karibu na kiti cha dereva, na poda iliyomo hugandamana kwa mtikisiko wa barabara, hivyo inafaa ukaguliwe na wahusika kila mwaka.

Kuna magari ambayo mwenyewe hapaswi kujaribu kuyazima kabisa. La kwanza ni gari mseto, linalotumia petroli na betri kubwa ya umeme, ambalo limezoeleka mno katika miji ya Afrika Mashariki. Nyaya zake nene za rangi ya chungwa hubeba umeme wa nguvu kubwa unaoweza kuua. Betri za lithiamu, zinazopatikana katika baadhi ya magari hayo na katika magari ya umeme pekee, zikishapata joto kupita kiasi huendelea kujipasha zenyewe, huhitaji maji mengi sana kupoa, na zinaweza kuwaka upya saa au hata siku kadhaa baadaye, sababu inayotosha kutolilaza gari la namna hiyo ndani ya banda au kando ya magari mengine. La pili ni gari lililofungwa mtungi wa gesi asilia, kama zilivyo teksi na bajaji nyingi za Dar es Salaam. Gesi hiyo hukandamizwa hadi mkandamizo wa baa 200 hivi, na mtungi halali huwa na valvu ya usalama inayoitoa nje joto linapopanda, ili usipasuke. Valvu ikifunguka hutoa mwali mrefu wenye kelele, na watu wa zimamoto ni lazima waelezwe tangu kwenye simu kwamba gari linatumia gesi.

Jambo la mwisho kuhusu dakika hizo linawahusu wanaokuja kutazama. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto uliolipuka ukaua zaidi ya watu 100. Miaka kumi kabla ya hapo, Januari 2009, jambo hilohilo lilitokea Sachangwan nchini Kenya, na Julai 2010 likatokea Sange, mashariki mwa Kongo, ambako waliokufa walizidi 200. Gari dogo halibebi shehena kama ile, lakini mvuke wa petroli iliyomwagika kwenye lami hausikii tofauti ya ukubwa wa chombo.

Moto ukishazimika, gari lililoungua huwa ushahidi kabla ya kuwa mali ya kutengenezwa, na hapa ndipo haraka inapoanza kugharimu. Mchunguzi mwenye uzoefu husoma mabaki kwa makini: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, hivyo vipande vya alumini vilivyotiririka humwonyesha upande ambao joto lilipanda zaidi, shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na shanga ndogo za shaba kwenye ncha ya waya ambao sehemu yake iliyobaki ni nzima huashiria kwamba umeme ulipiga shoti mahali hapo. Ushahidi wa namna hii hupotea fundi anapokata nyaya ili "aangalie", anapong'oa betri na kuitupa, au kijana wa gereji anapoosha injini kwa maji ya nguvu. Mwenye gari anapaswa kulipiga picha gari pande zote, ndani na nje, ikiwemo namba ya usajili, namba ya chasisi, sakafu, ardhi ya chini yake na mahali lilipoegeshwa. Aandike majina na simu za walioshuhudia. Na ahakikishe kwamba halisogezwi kabla polisi hawajafika, isipokuwa pale linapohatarisha wengine. Likibidi kuvutwa, lipelekwe kituo cha polisi au eneo lenye ulinzi na lifunikwe turubai, na stakabadhi za kulivuta na kulilinda zitunzwe, kwa kuwa mikataba mingi hurudisha gharama hizo zikiwa za kiasi. Ulinzi huo una sababu nyingine isiyopendeza kutajwa: gari lililoungua mbele na kuachwa kando ya barabara usiku mmoja huamka bila matairi, bila taa za nyuma na bila kioo chochote kilichosalimika, na kampuni ya bima haitafidia vilivyoibwa baada ya mwenyewe kulitelekeza.

Nyaraka mbili ndizo nguzo za madai. Ya kwanza ni taarifa ya polisi, ambayo nchini Kenya hujulikana kama abstrakti, na majeruhi kwa upande wa Tanzania huhitaji fomu namba 3 ya polisi. Ya pili ni taarifa ya watu wa zimamoto kuhusu chanzo cha moto, ambayo wengi hawaiombi kwa kudhani kwamba ile ya polisi inatosha. Kampuni ya bima nayo ijulishwe mara moja, kwa simu kwanza na kwa maandishi baadaye, kwa sababu mikataba huweka muda wa kutoa taarifa na ucheleweshaji ni kisingizio chepesi cha kukataa. Katika maandishi hayo mwenye gari aeleze alichokiona na asieleze alichokikisia. Sentensi kama "nadhani ni ule waya wa redio", iliyotamkwa kwa fadhaa, inaweza kusomwa baadaye kama ungamo la uzembe, na kama moto umeharibu gari la jirani au ukuta wa mtu, kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni huvunja sharti la kawaida la mkataba.

Hata hivyo, matokeo ya madai huwa yameamuliwa kwa kiasi kikubwa siku bima ilipokatwa. Katika lugha ya mitaani Tanzania kuna bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo ni ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, kwa Tanzania kupitia Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na kwa Kenya kupitia Sura ya 405. Shabaha yake ni kuwafidia watu wengine wanaodhurika kutokana na matumizi ya gari, na gari lenyewe likiteketea haimlipi mwenyewe hata shilingi moja. Bima kubwa hujumuisha ulinzi huo na hasara ya gari la mkata bima, moto ukiwemo. Katikati yake zipo kampuni zinazouza bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, chaguo ambalo halitangazwi sana na ambalo lingewafaa wenye magari ya umri mkubwa wasiomudu ada ya bima kubwa. Kadi ya Njano ya COMESA, wanayobeba madereva wanaovuka mipaka kwenda Zambia, Rwanda au Kongo, ni bima ya mtu wa tatu, na moto wa gari lao wenyewe huko safarini hutegemea kama bima kubwa ya nyumbani imepanuliwa hadi nchi hizo.

Mwenye bima kubwa naye hukutana na jambo ambalo halikufafanuliwa vizuri dirishani, nalo ni thamani aliyoitaja. Bima ya hasara husimama juu ya kanuni kwamba fidia humrudisha mtu mahali alipokuwa kabla ya ajali bila kumtajirisha. Aliyetaja thamani kubwa kuliko ya soko hulipa ada ya ziada bure, kwa kuwa atalipwa thamani ya soko tu. Aliyeipunguza ili ada ishuke huumia zaidi, ikiwa mkataba wake una sharti la uwiano: gari la shilingi milioni 20 likikatiwa bima kwa milioni 12, kampuni huhesabu kwamba imebeba asilimia 60 ya hatari, na moto wa injini uliosababisha hasara ya milioni 5 utalipwa milioni 3, tena kabla ya kuondoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba humtaka mwenye gari aibebe mwenyewe. Bei za magari yaliyotumika hubadilika pamoja na thamani ya shilingi na ushuru, hivyo namba iliyokuwa sahihi mwaka juzi inaweza kuwa pungufu leo, na kuihuisha bima kwa kunakili fomu ya mwaka uliopita ni uvivu wenye bei.

Kanuni ya pili ni ya nia njema ya hali ya juu, ambayo mahakama za Uingereza ziliieleza tangu mwaka 1766 katika shauri la Carter dhidi ya Boehm mbele ya Jaji Mansfield, na ambayo sheria za bima za Afrika Mashariki ziliirithi: anayeomba bima hutakiwa kufichua kila jambo ambalo lingeathiri uamuzi wa kampuni kulibeba gari hilo au kupanga ada yake. Kwa moto wa gari, mambo hayo ni ya kawaida sana kiasi cha kusahaulika. Gari lililokatiwa bima kama la binafsi lakini linabeba abiria wa teksi mtandao, gari lililofungwa mtungi wa gesi bila kampuni kujulishwa, au injini iliyobadilishwa bila kadi ya gari kurekebishwa, yote hayo huipa kampuni hoja halali ya kukataa hata kama moto haukutokana nayo moja kwa moja. Gari lililochomwa katika fujo za kisiasa nalo mara nyingi huangukia nje ya mkataba, isipokuwa kifungu cha machafuko kimenunuliwa kwa nyongeza. Na kabla ya yote hayo kuna swali la kama bima ipo kweli: stika inaweza kuwa ya kughushi, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania ina mfumo wa mtandaoni unaoruhusu mtu kuihakiki, kazi ya dakika mbili inayofaa kufanywa siku ya kununua bima.

Kampuni ikishapokea madai humtuma mkadiriaji hasara, mtaalamu anayepima ukubwa wa uharibifu na kupendekeza kama gari litengenezwe au lihesabiwe kuwa limeteketea kabisa. Mwenye gari ana haki ya kuwapo wakati wa ukaguzi na kuleta makadirio ya gereji nyingine. Uamuzi wa hasara kamili hufikiwa pale gharama ya kutengeneza inapokaribia thamani ya gari, na fidia ikishalipwa mabaki huwa ya kampuni, au huachiwa mwenyewe kwa kukatwa thamani yake. Kwa gari lililonunuliwa kwa mkopo, benki hulipwa deni lake kwanza, na salio ndilo humfikia mwenye gari. Malipo hutanguliwa na hati ya kukiri kwamba aliyelipwa ameridhika na hana dai lingine. Hati hiyo haipaswi kusainiwa kaunta, kwa kuwa baada ya saini ni vigumu mno kurudi na hoja kwamba kompyuta ya gari, iliyoonekana nzima siku ya ukaguzi, imekufa wiki mbili baadaye.

Hoja hiyo si ya kubuni, maana uharibifu wa moto hujificha kuliko wa kugongana. Poda ya mitungi mingi ina chumvi ambazo zikipata unyevu hula chuma na viungio vya umeme, na moshi wa plastiki za nyaya hutoa asidi inayofanya vivyo hivyo, kwa hiyo sehemu ambazo miali haikuzifikia nazo zinahitaji kusafishwa kitaalamu mara tu ukaguzi wa mkadiriaji unapomalizika. Injini isiwashwe wala betri isirudishwe ili "kujaribu tu". Mipira ya breki na ya mafuta, mikanda ya viti na mifuko ya hewa iliyopata joto inabadilishwa, haikaguliwi kwa macho. Bati lililopauka au kupindika kwa joto huwa limepoteza sehemu ya ugumu wake, na katika nguzo za bodi kasoro hiyo huonekana siku ya ajali nyingine. Swali gumu zaidi ni mfumo wa nyaya. Gereji bubu itapendekeza kuunganisha palipoungua kwa nyaya zozote zilizopo, kwa kuwa ni rahisi na gari litawaka. Ushauri wa kuaminika ni kununua fungu zima la nyaya la modeli hiyohiyo, ambalo kwa magari ya Kijapani hupatikana likiwa limetumika katika maduka ya vipuri vya mtumba, Ilala jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na kumpa kazi fundi umeme wa magari anayekubali kuandika alichokifanya. Tena chanzo cha moto wa kwanza kiwe kimejulikana na kuondolewa, la sivyo vipuri vipya vinafungwa juu ya hitilafu ileile.

Madai yakikataliwa, hatua ya kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba, kwa sababu kukataa kwa simu hakuna pa kukatia rufaa. Baada ya kulalamika kwa uongozi wa kampuni bila mafanikio, mwananchi wa Tanzania anaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na Mkenya anaweza kupeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima nchini mwake. Njia ya mahakama ipo, lakini kwa gari la bei ya kawaida wakili anaweza kumaliza fidia kabla haijalipwa.

Asiye na bima kubwa hubaki na mabaki peke yake, na hayo pia yana thamani ikiwa hatayauza siku ya pili kwa mtu wa kwanza aliyekuja na pesa mkononi. Gia, difu, rimu na milango iliyonusurika huuzwa bei nzuri moja moja kuliko kwa jumla. Kisicho cha kuuzwa ni kadi ya gari pamoja na kipande cha chasisi chenye namba: wezi huvitafuta ili kuyapa magari ya wizi utambulisho wa gari lililoungua, na siku gari hilo la pili litakapokamatwa, jina litakaloonekana ni la mwenye kadi. Mauzo ya mabaki yaandikwe, mnunuzi atoe nakala ya kitambulisho chake, na Mamlaka ya Mapato Tanzania ijulishwe ili usajili wa gari ufutwe na namba zake zirudishwe.